Mpox na Ebola: Hesabu huchaguliwa kabla ya matokeo, funzo la Tunda na Beni kwa watafiti wa Kindu

KINDU – Tarehe 15 Agosti 2024, siku moja baada ya Shirika la Afya Duniani (OMS) kutangaza Mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, ilitoka habari nyingine iliyogusa jimbo la Maniema moja kwa moja. Dawa ya tecovirimat, ambayo wengi waliitumainia, haikufupisha muda wa vidonda kwa wagonjwa wa Mpox nchini Congo. Matokeo hayo yalipatikana baada ya kufuatilia watu 597, watoto kwa wakubwa, katika sehemu mbili: Tunda, wilaya ya Kibombo katika jimbo la Maniema, na Kole katika jimbo jirani la Sankuru.

Utafiti huo unaitwa PALM007. Ulianza Oktoba 2022 chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibayolojia (INRB) ya Kinshasa na taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza (NIAID). Wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine walipewa dawa, wengine vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepata kipi, na daktari aliyemtunza hakujua pia.

Maneno "haikufupisha muda wa vidonda" ni mafupi, lakini nyuma yake kuna uamuzi mmoja ambao hauonekani kwenye vichwa vya habari: namba hizo zipimwe kwa kipimo gani cha takwimu? Uamuzi huo ulipaswa kufanywa kabla ya kujua nani amepona. Kipimo kisichofaa kingeweza kuipa sifa dawa isiyosaidia, au kuitupa dawa inayookoa watu.

Mjini Kindu swali hilohilo huwarudia wanafunzi wanapoandika TFC au memuari zao. Huwarudia pia wauguzi na wasimamizi wa zone za afya wanapotaka kujua kama kampeni fulani imeleta mabadiliko. Wengi hukusanya namba kwanza, wakazijaza kwenye kompyuta, halafu wakauliza: "Sasa nitumie kipimo gani?" Mambo yaliyotokea Beni, Butembo na Tunda yanaonyesha kwa nini swali hilo linafaa kuulizwa mwanzoni.

Tofauti ileile, majibu mawili

Jina PALM ni ufupisho wa maneno ya Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Lilizaliwa wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ambao ulifikia watu 3,470 na kuua 2,287 kabla ya kumalizika tarehe 25 Juni 2020.

Wakati huo kulikuwa na dawa iliyosifiwa kuliko nyingine, ZMapp. Ilikuwa imejaribiwa mwaka 2015 katika mlipuko wa Afrika Magharibi. Kati ya wagonjwa 36 waliopewa ZMapp pamoja na matunzo ya kawaida, walikufa 8, yaani asilimia 22. Kati ya 35 waliopewa matunzo peke yake, walikufa 13, yaani asilimia 37. Ni tofauti ya pointi 15, na kwa macho tu mtu angesema dawa inafanya kazi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Novemba 2018, utafiti wa PALM ulianza huku vita vikiendelea. Wagonjwa 681 waliingizwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa nne zililinganishwa, na ZMapp ikawekwa kuwa kipimio cha nyingine tatu. Kati ya wagonjwa 169 waliopewa ZMapp, walikufa 84 ndani ya siku 28, yaani asilimia 49.7. Kati ya 174 waliopewa dawa ya MAb114, walikufa 61, yaani asilimia 35.1. Hapa pia tofauti ni karibu pointi 15.

Watafiti wa jaribio la mwaka 2015 walisema ushahidi hautoshi. Mwaka 2019 walisema ushahidi upo. Kwa nini tofauti ileile ilipata majibu mawili?

Njia rahisi ya kuelewa ni kuwaza kapu la vikaratasi. Katika kundi la ZMapp na la MAb114 kwa jumla kulikuwa na wagonjwa 343, na waliokufa walikuwa 145. Chukua vikaratasi 343, andika neno "alikufa" kwenye 145 na "alipona" kwenye vilivyobaki. Vichanganye vizuri, kisha gawa bila kuangalia: 174 upande huu, 169 upande ule. Rudia kazi hiyo mara nyingi sana. Je, ni mara ngapi bahati peke yake itatoa pengo kubwa kama lile lililoonekana Beni na Butembo? Jibu ni chini ya mara 1 katika 100. Ni vigumu basi kusema kwamba ni bahati tu.

Fanya hivyohivyo kwa wagonjwa 71 wa mwaka 2015, ambao 21 kati yao walikufa. Pengo la pointi 15 litajitokeza kwa bahati zaidi ya mara 1 katika 10. Kundi ni dogo, na vifo vichache vikihama upande mmoja kwenda mwingine picha yote inageuka.

Kazi hiyo ya kapu ndiyo ambayo vipimo vya takwimu hufanya kwa njia ya mkato. Vinaanza kwa kudhani kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya makundi, kisha vinauliza: kama dhana hiyo ni kweli, namba tulizoziona ni za ajabu kiasi gani? Jibu lake huitwa thamani ya p. Ikiwa ndogo kuliko 0.05, watafiti wengi hukubaliana kwamba dhana ya "hakuna tofauti" imekuwa ngumu kuiamini.

Kwa hesabu ya waliokufa na waliopona, mkato unaojulikana zaidi ni kipimo cha khi mraba, ambacho wanafunzi wa Congo wanakiita khi-deux. Kilitolewa na Mwingereza Karl Pearson mwaka 1900. Kwa jedwali la makundi mawili na majibu mawili, mpaka wake ni 3.84. Mtu akichukua kalamu na kuhesabu namba za PALM atapata karibu 7.5, ambayo imeupita mpaka. Akihesabu zile za mwaka 2015 atapata karibu 1.9, ambayo haijaufikia.

Watafiti wa mwaka 2015 wenyewe walitumia njia nyingine ya hesabu. Walipata uwezekano wa asilimia 91.2 kwamba ZMapp ikiongezwa ni bora kuliko matunzo peke yake. Lakini mpaka waliokuwa wameuweka kabla ya kuanza ulikuwa asilimia 97.5, na hawakuushusha ili dawa ipite. Kama wangeushusha, pengine ZMapp ingeingia Beni mwaka 2018 ikiwa dawa iliyokwisha kukubaliwa, na ingekuwa vigumu zaidi kuuliza kama kuna nyingine bora. Iliulizwa, na nyingine bora zilipatikana.

Namba za aina gani?

Swali la kwanza la mtafiti, kabla hata ya kwenda shambani, ni aina ya jibu analolitafuta. Hapo ndipo kipimo kinapochaguliwa.

Kama jibu ni la ndiyo au hapana, kama vile alikufa au alipona, alichanjwa au hakuchanjwa, kinachohesabiwa ni watu, na khi-deux inafaa. Lakini ina sharti lake: namba zinazotarajiwa katika kila chumba cha jedwali zisiwe ndogo mno. Kwa kawaida huambiwa zisipungue 5. Zikipungua, kuna kipimo cha Fisher, ambacho hakitumii mkato bali huhesabu migawanyo yote inayowezekana. Mwanafunzi mwenye wagonjwa 20 tu, ambao watatu walikufa, anatakiwa kwenda huko.

Kama jibu ni kiasi kinachopimwa, kwa mfano uzito wa watoto wanapozaliwa au kiwango cha damu mwilini, kinacholinganishwa ni wastani wa makundi mawili. Hapo kipimo kinachotumika sana ni kile cha t cha "Student". Student halikuwa jina lake halisi. Aliitwa William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ambaye mwaka 1908 alichapisha njia ya kufanya maamuzi kwa kutumia sampuli chache. Makundi yakizidi mawili, watu hawalinganishi mawili mawili mpaka mwisho. Hutumia kipimo kimoja kinachoyaangalia yote kwa pamoja, kinachoitwa anova.

Wastani nao unaweza kudanganya. Chukua mfano wa wagonjwa saba waliolala hospitali siku 5, 6, 7, 7, 8, 9 na 28. Wastani wao ni siku 10, ingawa sita kati ya saba walitoka kabla ya siku ya kumi. Mgonjwa mmoja tu aliyechelewa amewavuta wote. Ukiwapanga kwa mstari, wa katikati ana siku 7, na hiyo inaeleza ukweli vizuri zaidi. Kwa namba za namna hiyo kuna kipimo cha Mann na Whitney, ambacho hakiangalii siku zenyewe bali nafasi ya kila mtu kwenye mstari: nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa mwisho.

Watu walewale, kijiji kilekile

Swali la pili ni kama watu wa makundi mawili ni tofauti au ni walewale. Muuguzi akipima presha ya akina mama 30 mwanzoni mwa matibabu, kisha akawapima haohao baada ya mwezi, hana watu 60. Ana watu 30, na kila mmoja amejilinganisha na nafsi yake. Hapo hesabu hufanywa juu ya tofauti ya kila mama. Kuna kipimo cha t cha jozi, na namba zikiwa zimepinda kuna kipimo cha Wilcoxon. Akizichukua kama makundi mawili yasiyohusiana, anaweza kuficha mabadiliko ambayo kweli yapo.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi, na katika jimbo kubwa kama Maniema ni rahisi kulifanya. Mfano, vyandarua vimegawiwa katika vijiji vitano na vijiji vingine vitano havikupata. Katika kila kijiji watoto 50 wamepimwa malaria. Kwa haraka mtu ataandika kwamba ana watoto 500. Lakini watoto wa kijiji kimoja wanaishi kando ya bwawa moja, wanaumwa na mbu walewale na wanakwenda kituo kimoja cha afya. Hali zao zinafanana. Kilichogawiwa kwa kweli ni vijiji 10, na hesabu inapaswa kukumbuka hilo. Ikisahaulika, thamani ya p itakuwa ndogo kuliko inavyostahili, na tofauti ya bahati itapewa jina la mafanikio.

Kilichokuwa kigumu Tunda

Kwa Mpox, swali halikuwa tu nani alikufa. Wagonjwa wengi wa Mpox hupona. Kinachowatesa ni muda: vidonda, maumivu, mtoto asiyelala, mzazi anayeacha shamba ili akae hospitalini. Ndiyo maana watafiti wa PALM007 waliuliza siku zinazopita mpaka vidonda vyote vikauke na kupona.

Mtu asiyezoea angefikiri ni kazi rahisi: jumlisha siku za kila kundi, tafuta wastani, tumia kipimo cha t. Lakini mgonjwa aliyekufa siku ya sita ana siku ngapi za kupona? Hana hata moja, kwa sababu hakupona. Ukimwandikia 6, umemhesabu kama aliyepona haraka kuliko wengi. Ukimwondoa kwenye orodha, dawa inayoua wagonjwa walio mahututi itaonekana kana kwamba inaponya haraka, kwa kuwa waliobaki ni wale wenye nguvu. Na yule aliyeondoka kabla vidonda havijaisha hujui siku yake ya mwisho. Unajua tu kwamba mpaka siku ile alikuwa bado anaumwa.

Kwa hali kama hizo kuna ukoo mzima wa vipimo vya muda mpaka tukio. Njia ya Kaplan na Meier, iliyochapishwa mwaka 1958, humhesabu kila mgonjwa kwa siku zile tu alizofuatiliwa, kisha humwacha bila kumzulia mwisho. Pale ambapo kifo kinaweza kuingia kabla ya kupona, njia hiyo huongezewa hesabu inayokubali kwamba kuna milango miwili ya kutokea, na aliyepita mlango wa kifo hawezi tena kupita ule wa kupona. PALM007 ilihesabiwa kwa njia ya namna hiyo. Jibu likatoka: waliopewa tecovirimat hawakupona kwa haraka inayoweza kutofautishwa na bahati.

Jibu hilo halimaanishi kwamba imethibitishwa kuwa dawa haifanyi lolote kwa mtu yeyote. Linamaanisha kwamba kwa watu 597, wenye aina ya kirusi kinachozunguka katika majimbo hayo, msaada wa maana wa kufupisha vidonda haukuonekana.

Kuchungulia matokeo

Kosa lingine halitokani na kipimo kibaya bali na kukitumia mara nyingi mno. Mpaka wa 0.05 unamaanisha kwamba hata pasipokuwa na tofauti yoyote, kipimo kitapiga kelele za uongo mara 1 katika 20. Mtafiti akijaribu maswali 20 yasiyohusiana, yote yakiwa hayana kitu, uwezekano wa kupata angalau jibu moja la uongo ni asilimia 64. Mwanafunzi anayelinganisha kila safu ya fomu yake na kila safu nyingine mpaka "kitu kitoke" yuko katika hali hiyo. Kitatoka, lakini hakitakuwa na maana.

Kuchungulia matokeo kabla ya wakati kuna hatari ileile. Katika utafiti wa Ebola, kama dawa moja ni bora, kuendelea mpaka mwisho ni kuwapa wengine dawa hafifu huku wakifa. Lakini kuchungulia kila wiki ni kualika bahati. Suluhisho lilikuwa kamati huru, nje ya watafiti na nje ya watengenezaji wa dawa, yenye ruhusa ya kuangalia kwa nyakati zilizopangwa na kwa mpaka mkali kuliko kawaida. Kamati hiyo ilikutana tarehe 9 Agosti 2019 na kuangalia namba za wagonjwa 499. Ilishauri dawa nyingine mbili ziondolewe kwenye kura, na kuanzia hapo wagonjwa wapewe MAb114 au REGN-EB3. Dawa ya MAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, katika kazi aliyoshiriki Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB. Mwaka 2020 dawa zote mbili ziliidhinishwa nchini Marekani.

Asilimia 1.7 na asilimia 3.6

Katika habari ya tarehe 15 Agosti 2024 kulikuwa na namba nyingine iliyowashangaza wengi kuliko dawa yenyewe. Kati ya wagonjwa wote wa PALM007, waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu, walikufa asilimia 1.7. Hao ni watu wapatao 10 kati ya 597. Kwa nchi nzima, vifo vya Mpox vilivyoripotiwa vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wagonjwa wa Tunda na Kole walilazwa angalau siku 14, wakapewa chakula, maji ya kutosha na matibabu ya maambukizi mengine yanayoingia kwenye vidonda.

Hapa kishawishi ni kikubwa. Mtu anaweza kuchukua namba hizo mbili, akazitia kwenye khi-deux na kutangaza kwamba matunzo ya hospitali yamepunguza vifo kwa nusu. Kompyuta haitamkatalia. Itatoa thamani ya p bila kuuliza namba zimetoka wapi.

Lakini makundi hayo hayakugawanywa kwa kura. Walioingia katika utafiti walikuwa wamefika hospitali, walithibitishwa kwa maabara na walikubali kufuatiliwa. Aliyefia njiani kutoka kijiji cha mbali hakuingia. Katika hesabu ya taifa, kwa upande mwingine, mgonjwa mwenye hali nyepesi aliyejitibu nyumbani huenda hakuandikwa kamwe. Hakuna kipimo cha takwimu, hata kile cha kisasa kabisa, kinachoweza kusawazisha makundi ambayo hayakuwa sawa tangu mwanzo kwa sababu ambazo hazikuandikwa.

Hilo halifanyi namba ya Tunda kuwa bure. Watafiti walisema inaonyesha kwamba wagonjwa wa Mpox wanaweza kuwa na hali bora wakilazwa na kutunzwa vizuri, na kwa zone ya afya inayopanga bajeti, hiyo ni sababu nzuri ya kuweka chakula na maji mbele. Ila ni ushahidi wa daraja tofauti na ule wa kura, na anayeandika ripoti anapaswa kusema hivyo.

Kabla ya kwenda shambani

Kwa mwanafunzi wa Kindu anayejiandaa kuvuka mto kwenda Alunguli na fomu zake mkononi, au anayesubiri usafiri wa Kibombo, maswali ya kujibu kwenye karatasi kabla ya kuondoka si mengi. Ninatafuta idadi ya watu, kiasi kinachopimwa, au muda mpaka jambo litokee? Makundi yangu ni watu tofauti au ni walewale? Kilichogawiwa ni mtu mmojammoja au kijiji kizima? Nitakuwa na watu wangapi, na je, wanatosha kuona tofauti ninayoijali? Nani aliamua nani aingie kundi gani?

Akiyajibu, jina la kipimo litakuja lenyewe, na profesa wake hatakuwa na kazi kubwa ya kusahihisha. Akiyaacha mpaka arudi, jambo analoweza kugundua ni kwamba namba alizozihangaikia wiki nzima haziwezi kujibu swali alilokwenda nalo. Mwaka 2015 watafiti wa ZMapp walikuwa na wagonjwa 71 tu na mpaka uliowekwa mapema, na wakakubali kusema "hatujui bado". Kwa sababu ya neno hilo, wagonjwa wa Beni na Butembo walipata dawa bora miaka minne baadaye.